Pole Zenu Zina Mbio

Kwenye grupu letu la ukoo watu hukimbilia kutoa pole utadhani wa kwanza anapewa medali. Juzi mmoja aliandika, "Jamani, babu wa Korogwe..." kisha akakatwa na mtandao. Basi! Shangazi akaweka stika ya mshumaa. Binamu wa Mwanza akaandika "Mbele yake, nyuma yetu." Mwingine akauliza kamati ya chakula inaongozwa na nani. Mtandao uliporudi, sentensi ikamaliziwa: babu wa Korogwe anaomba anayekuja huko amletee miwani yake. Babu mwenyewe yumo kwenye grupu. Akajibu, "Asanteni sana, wanangu."

Mimi niliyesubiri mwisho wa sentensi ndiye niliyeitwa mwenye roho ngumu. Tangu WhatsApp ilipoleta tiki za bluu mwaka 2014, kufikiri kumekuwa kosa lenye ushahidi: umesoma, umenyamaza, kwa hiyo una lako jambo.

Zamani hasira ilikuwa na gharama. Simu ya maandishi ulilipia kwa neno, na hapo ndipo ulipogundua kwamba "mshenzi" peke yake linatosha, huna haja ya kuutaja na ukoo wake. Barua nayo ilikutaka ununue bahasha, utafute stempu, utembee mpaka posta, na kufika huko nusu ya matusi umeshayaonea aibu. Siku hizi bando la shilingi chache linakutosha kutukana mpaka usiku wa manane.

Hata wenye mitambo wametuchoka. Mwaka 2019 WhatsApp iliwawekea watumiaji wake wote duniani kikomo: ujumbe mmoja kwenda sehemu tano tu kwa mkupuo. Mwaka uliofuata, ule uliokwisha kuzungushwa sana ukabakizwa sehemu moja tu. Shangazi anautuma mmoja mmoja, kwa subira ambayo laiti angeitumia kuusoma. Mwaka huohuo wa 2020 Twitter nao walianza kumuuliza anayetaka kusambaza habari kama angependa kuifungua kwanza. Mashine inamuuliza mtu mzima mwenye wajukuu kama amesoma!

Serikali nayo ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayogusa hata usambazaji wa habari za uongo. Ukimwambia binamu, anakuonyesha kinga yake: chini ya kila uzushi ameandika "Nimetuma kama nilivyopokea." Anaamini hayo maneno ni wakili.

Wiki iliyopita kulizuka ugomvi wa mchango wa harusi. Nikasema leo sijibu mpaka nimeelewa. Kufika alasiri, wawili walikuwa wamejitoa kwenye grupu, mmoja akarudishwa na admini, bibi harusi akaambiwa ana majivuno, na mtunza hazina akabandika picha za risiti ambazo hakuna aliyezifungua. Nilizifungua mimi. Hesabu ilikuwa sawasawa. Aliyeanzisha vurugu alikuwa amesoma jina la mtu mwingine.

Nikaandika kwa adabu zote: "Nimesoma risiti, naona fedha zipo kamili." Hakuna aliyejibu. Mara simu ikaita, baba mdogo, sauti iko juu: "Huo ujumbe wako ulikuwa unamsema nani?"