Jinsi ya Kuushinda Mlima: Mwongozo kwa Mwenye Kiwanja Mallorca

Hongera. Umepata kiwanja kwenye mteremko wa kisiwa cha Mallorca, Hispania. Bahari unaiona, mizeituni unayo, na jirani yako wa karibu ni mbuzi. Dalali alikuonyesha mandhari. Mteremko hakukuonyesha, kwa sababu mlisimama juu mkatazama mbele. Fuata hatua hizi tano, nawe utapata nyumba ya familia itakayozungumziwa na kijiji kizima, hasa msimu wa mvua.

Hatua ya kwanza: katapila kwanza, msanifu baadaye

Kiwanja chako kinashuka mita moja kwa kila mita nne. Mtu mwoga angeigawa nyumba vipande viwili vitatu, kila kimoja na sakafu yake, vishuke na mlima taratibu. Wewe unataka sebule tambarare kama uwanja wa mpira. Haya. Nyumba ya mita 12 kwa 15 itakudai uchimbe hadi mita 3 upande wa juu. Hizo ni mita za ujazo 270, au malori 27 ya mita kumi kumi, na hapo udongo bado haujavimba kwa kuchimbuliwa. Chini yake kuna mwamba wa chokaa. Usijali. Mwenye katapila analipwa kwa saa, na yeye hajali hata kidogo.

Utakuta mteremko umekatwa matuta, kila tuta limeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chembe ya saruji. Wenyeji huziita kuta hizo *marges*. Mwaka 2011 UNESCO iliingiza milima ya Serra de Tramuntana, yenye matuta kama hayo, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2018 ikautambua na ufundi wenyewe wa kupanga mawe makavu katika nchi nane, Hispania ikiwemo. Yasikutishe hayo. Bomoa tu, mawe yatapamba bustani.

Hatua ya pili: ukuta usiovuja

Ukuta wa mawe makavu una aibu moja: unavuja. Mvua ikinyesha, maji hupita katikati ya mawe yakaenda zake, udongo ukabaki. Wewe jenga wa zege, kimo cha mita 3, laini, usio na tundu hata moja. Kokoto na bomba la kutolea maji nyuma ya ukuta ni gharama ya kitu kisichoonekana, na wageni hawapigi picha kisichoonekana. Ni kweli kwamba maji yakijaa nyuma yake hadi juu, kila mita moja ya urefu wa ukuta itasukumwa kwa nguvu ya tani nne na nusu, mbali na msukumo wa udongo. Lakini nondo si zipo?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlimani mambo hugeuka: unajenga ukuta kwanza, ufa unakuja wenyewe.

Hatua ya tatu: lidharau jua

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua lisilo na upendeleo. Pale Mombasa, jua la adhuhuri hukaa kaskazini miezi kadhaa, kisha huhamia kusini. Mallorca liko kusini mwaka mzima. Juni hupanda hadi nyuzi 74 hivi, Desemba huishia kwenye 27. Kwa hiyo upenu wa kiasi upande wa kusini hulizuia jua la kiangazi na kuliruhusu la majira ya baridi liingie hadi kwenye mkeka, bila senti ya umeme. Ndiyo maana hatuutaki. Kioo chote kielekee magharibi, ambako jua la jioni huja chinichini na upenu haulifikii. Machweo yatapendeza sana. Mtayasikiliza nyuma ya mapazia, viyoyozi vikivuma.

Jørn Utzon, raia wa Denmark aliyebuni jumba la opera la Sydney, alijijengea nyumba juu ya jabali la kisiwa hiki mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaiita Can Lis kwa jina la mkewe. Aliigawa vibanda kadhaa, akatumia mawe ya hapohapo yaitwayo *marés*, na madirisha akayazamisha ndani ya kuta nene. Hata hivyo mng'ao wa bahari ulimchosha macho, na mashabiki wa usanifu wakawa wanakuja kumchungulia. Miaka ya 1990 akahamia nyumba nyingine, Can Feliz, mlimani mbali na ufuko. Ikiwa bingwa mwenye kuta nene aliinua mikono, wewe mwenye kioo cha mita sita utafanikiwa vipi kushindwa!

Hatua ya nne: familia izoee

Gari liegeshwe juu barabarani, jiko liwe chini kabisa kwenye mandhari. Tofauti ya mita 5 ni vipandio 30 hivi, na mtungi wa gesi utavijua vyote kwa majina. Bibi naye atakuja kukutembelea, mara moja. Kwenye kipandio cha 18 atakaa chini, ataomba maji, kisha atakuuliza kwa upole kama pesa zilikwisha kabla ya kufika penye nchi tambarare.

Hatua ya tano: ziba korongo

Pembeni mwa kiwanja kuna kijikorongo. Ni kikavu tangu Mei, kwa hiyo kimekufa. Kijaze kifusi cha yale malori 27, mwaga zege juu, weka bwawa la kuogelea.

Hapa niruhusu niache mzaha kidogo. Tarehe 9 Oktoba 2018, mashariki mwa Mallorca, zaidi ya milimita 200 za mvua zilishuka kwa saa chache. Korongo linalopita mji wa Sant Llorenç des Cardassar lilifurika, na mafuriko hayo yaliua watu 13. Katika pwani zile mvua za namna hiyo huja kiangazi kikiisha, bahari ikiwa bado na joto na hewa baridi ikipita juu yake. Korongo kavu halijafa. Linangoja zamu yake.

Ukiona mwongozo huu ni mgumu, ipo njia ya wavivu. Acha nyumba ishuke na mlima. Jiko na chumba cha bibi viwe usawa wa barabara, watoto ndio washuke ngazi. Weka upenu kusini na birika la kukingia maji ya paa. Mwite fundi wa mawe azitengeneze zile *marges*, na korongo uliache na njia yake.

Na kabla hujamlipa mtu yeyote, nenda kiwanjani Oktoba mvua ikinyesha, umechukua mwavuli na mzigo wa vijiti. Kila mahali maji yanapopita, chomeka kijiti. Nyumba utaijenga pasipo na vijiti.