Mgonjwa wa Wino wa Mhuri

Jumapili iliyopita, saa kumi jioni, mwandishi wa safu hii alipakiwa kwenye bajaji pale Misugusugu akiwa mzima wa afya, shangazi mmoja akimpepea kwa upindo wa khanga na mwingine akimsomea dua. Kulikuwa na wageni walioleta barua ya posa. Alipofungua mdomo kuwakaribisha, dada mmoja nesi, aliyekuja na upande wa mwanamume, aliruka kutoka mkekani: midomo ya buluu, ulimi wa buluu, kucha za buluu. Kwa nesi yeyote hiyo ni dalili ya damu iliyokosa oksijeni, na mgonjwa wa namna hiyo hasubiriwi amalize salamu.

"Ni wino," alisema.

"Usiongee, kaka. Tunza pumzi."

Akarudia kwamba ni wino. Wakatazamana: ameanza kuweweseka.

Bajaji ikaingia Barabara ya Morogoro, ikajipenyeza kati ya malori, dereva akipiga honi kama aliyebeba mjamzito wa uchungu. Nesi alikuwa ameshika mkono wake akihesabu mapigo, ambayo kwa hasira yalikuwa yamepanda kweli. Zahanati wakambana kidole kwa kile kipimo kinachopitisha mwanga kwenye nyama na kusoma rangi ya damu. Kwa kuwa kucha yenyewe ilikuwa imepakwa rangi, namba zikayumba, na kila aliyekuwapo akazidi kuamini. Mpaka alipotokea mganga mmoja mzee, akachovya pamba kwenye spiriti, akampangusa mdomo. Ugonjwa ukahamia kwenye pamba.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Nilikuwa nanyonya kalamu, mzee."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu.

Kalamu yenyewe ni Conway Stewart, mali ya kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1905. Ilimvutia kwa sababu ya mshairi Shaaban Robert, ambaye alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, miaka ambayo makarani walichovya au walijaza wino, kwani biki haikuwa imezaliwa. Ilitoka Ufaransa mwaka 1950. Jamaa aliona kwamba mtu anayeishi jirani na kituo cha ukaguzi wa forodha anastahili kalamu ya zama zile. Ndivyo maafa yanavyoanza, kwa hoja nzuri.

Wengi hudhani kalamu ya wino ni chupa yenye tundu. Si kweli, na utamu wake umejificha hapo. Tumboni mna kifuko cha mpira, na ubavuni kuna kijiwenzo. Ukikiinua, kifuko kinaminywa, ukikiachia, kinajitanua na kufyonza wino kupitia nibu. Sasa kwa nini wino huo haumwagiki wote? Chini ya nibu kuna kipande cheusi cha ebonaiti, yaani mpira uliokazwa kwa salfa, chenye mifereji myembamba kama unywele. Wino hutambaa humo bila kusukumwa, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Lakini kila tone linalotoka linadai hewa iingie mahali pake. Aliyewahi kutoboa kopo la maziwa tundu moja anajua: maziwa hugoma mpaka upige la pili. Lewis Waterman wa New York alipata hataza mwaka 1884 kwa mfereji unaoruhusu wino ushuke na hewa ipande njia ileile. Karatasi humalizia, kwa kuvuta wino kutoka kwenye ufa wa nibu. Wino ukikaribia kuisha kifukoni, hewa iliyomo hutanuka kwa joto la kiganja, na hapo kalamu hutema. Jamaa alisoma haya yote hadi saa saba usiku, akishangaa peke yake kama mwehu.

Hakusoma habari ya wino.

Maduka aliyoyazunguka Kibaha yalikuwa na wino wa printa na wino wa mhuri. Akachukua wa mhuri. Wino huo hutiwa gliserini makusudi, ili kitambaa cha mhuri kisikauke upesi; ndani ya mfereji wa unywele ukawa ulimbo. Alipuliza, ukakataa. Bomba la maji lilikuwa kavu siku ya tatu. Akanyonya.

Kuhusu kifuko kipya alichokiagizia kalamu hiyo, hapo jamaa hacheki. Usiku na mchana malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo yanapita Misugusugu kwenda bandari ya Dar es Salaam, tani kwa tani, na yanafika. Kifuko cha mpira kisichofika hata gramu tatu kilichukua wiki tisa kutoka Uingereza. Kwenye dirisha la kupokelea mizigo karani alikivuta, akakichungulia kwenye mwanga, akauliza kwa sauti ya mnadani, "Hiki kinavaliwa wapi?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Tozo zikazidi bei ya kifuko chenyewe. "Si ununue biki tu, kaka?" Fundi wa redio haambiwi hivyo, wala wa cherehani. Mwenye kalamu ndiye huonekana anachezea muda wa watu, tena na yule aliyeketi mezani siku nzima akiandika.

Kifuko hubandikwa kwa shelaki. Seremala alimpa gundi ya mbao.

Ufa wa nibu husafishwa kwa kipande cha shaba ya njano chembamba kama ganda la kitunguu. Shaba ilikuwa inapita nje kwa malori. Yeye akatumia wembe.

Baada ya zahanati alirudi na uamuzi mmoja: kuiloweka kalamu usiku kucha mpaka wino wa mhuri utoke. Kalamu nyingi za Conway Stewart zilitengenezwa kwa kaseini, protini ya maziwa inayoshinikizwa, kisha kukazwa kwa fomalini hadi ing'ae kama jiwe la thamani. Ni kitu kizuri ajabu, ila hakijasahau asili yake: kikikaa majini hunywa. Asubuhi kalamu ilikuwa imevimba kama andazi, na kifuniko hakipiti.

Iko dirishani, inakauka. Imeanza kupinda.

Barua ya posa bado haijajibiwa. Jana mshenga alipiga simu: wageni wanaomba kujua, kwa heshima zote, kama ile hali ni ya ukoo.