Taa Zilizoliwa

Nimewahi kutengeneza taa mbili za mawe hapa Kisarawe, na zote zimeliwa. Sisemi kwa mafumbo.

Yalianzia kwenye harusi moja Dar es Salaam. Mezani palikuwa na jiwe la rangi ya waridi, limewashwa kwa ndani, linang'aa kama jua la magharibi. Nikaambiwa ni chumvi ya mwamba kutoka Khewra, Pakistani. Nilipotajiwa bei, nikarudi kwenye pilau yangu. Mtu ninayeishi kwenye vilima vya Pugu ninunue jiwe la Pakistani?

Wiki ile ile nikaokota bonge jeupe pee kwenye ukingo uliobomolewa na mvua, nikaazima drili kwa fundi jirani. Akaniusia: "Ukitoboa jiwe, mwagia maji, biti isiungue." Nikamwagia. Kufumba na kufumbua, jiwe limekuwa uji. Kumbe nilikuwa natoboa kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, ambao Pugu inasifika nao. Mabaki nikayaanika ukutani nikitafakari la kufanya. Jioni nikamkuta mdogo wake mke wangu, mjamzito wa miezi sita, midomo myeupe kama kapakwa chokaa.

"Shemeji," akasema, "huu wako mtamu kuliko wa sokoni."

Kliniki walikuwa wamemkataza udongo. Mke wangu alimsamehe mlaji, akamgombeza msambazaji.

Taa ya pili nikaamua iwe ya chumvi kweli. Nikaenda duka la pembejeo kununua jiwe la kulamba mifugo, lile jekundujekundu.

"Una ng'ombe wangapi?" muuzaji akauliza.

"Sina. Nataka kuliweka sebuleni."

Akanifungia kwenye gazeti, chenji akanirudishia kwa upole, kama anayetoa pole.

Ikawaka, ikapendeza, watoto wa mtaa wakaja kuitazama. Kosa langu lilikuwa globu. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na taa za namna hii hukaa kavu kwa sababu globu ya zamani huzipasha joto. Mimi, kwa kuhurumia uniti za LUKU, nikaweka ya LED isiyo na joto la maana, tena katikati ya masika. Siku ya tatu taa ikaanza kulia. Ikalowesha kitambaa cha meza, ikachuruzika hadi kwenye holda, ikasema pa! Nyumba nzima giza, na tamthilia ilikuwa imefika penyewe.

"Toa huo msiba nje," sauti ya mke wangu ikatoka gizani.

Asubuhi nikauweka barazani upate jua. Jua halikuja. Alikuja mbuzi wa bibi jirani. Nilipotoka, taa imebaki kama ngumi, naye analamba huku kanikazia macho. Bibi akaja mbio, nikajua nalipwa.

"Mjukuu wangu, Mungu akuzidishie! Huyu alikuwa na hamu ya chumvi tangu juma lililopita."

Utamdai vipi mtu anayekuombea dua?

Ndipo nikasoma habari za Friedrich Mohs, Mjerumani aliyepanga madini kwa ugumu mwaka 1812, kuanzia 1 hadi 10. Kaolini na chumvi hazivuki sana 2, kiasi cha kukwaruzwa na ukucha. Kwatzi ni 7. Rafiki akaniletea bonge la kwatzi kutoka Morogoro, linapitisha mwanga kama barafu. Drili ikalia, biti ikatoa moshi, ncha ikawa butu kama kidole gumba. Jiwe halikupata hata alama. Linataka biti ya almasi, na fundi sasa anataka biti yake.

Mke wangu kalichukua, linazuia mlango wa banda la kuku. Anasema hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza yenye maana. Kila asubuhi mbuzi wa bibi hupita hapo, hulilamba mara moja, hunitazama kwa masikitiko, akaenda zake.