Namna Nilivyogeuzwa Mrusi

Leo asubuhi, mbele ya bosi, mhasibu na dereva wa forklifti aliyeingia kuazima kalamu, nimegeuzwa Mrusi. Tuseme ni mzigo wangu uliogeuzwa, lakini aliyeitwa "komredi" ukumbi mzima hadi saa ya chakula si mzigo.

Wakala wetu wa forodha hapa Houston alipiga simu, bosi akaiweka spika. Mikuo hii ya alumini imechenjuliwa nchi gani? Nikajibu: Falme za Kiarabu, ankara inasema. "Huko ilimiminwa tu. Ilichenjuliwa wapi?" Nikasema sijui. Kikapita kimya, kisha nikasikia kibodi ikigongwa mara mbili: U, N.

Kumbe Marekani neno "sijui" lina bei. Tangu 28 Juni 2025, mwagizaji asiyejua alumini yake ilikochenjuliwa hujaza UN, yaani "haijulikani", na hiyo hutozwa ushuru uleule wa alumini ya Urusi: 200%. Ingejulikana, na isiwe ya Urusi, ingetozwa 50%. Mzigo wa dola 40,000 uliotarajiwa kudaiwa ushuru wa 20,000 sasa unadaiwa 80,000. Afadhali ningeumwaga baharini.

Nilipoketi kuisoma kanuni, hasira ikapisha udadisi, Mungu anisamehe. Forodha hutaka nchi tatu. Ya kwanza ni ile ambako sehemu kubwa kabisa ya alumini mpya ilitolewa kwenye oksidi yake kwa umeme. Ya pili, sehemu inayofuata kwa wingi. Ya tatu, ilikoyeyushwa mara ya mwisho, ikamiminwa, ikaganda. Mimi binadamu mzima nina cheti kimoja tu cha kuzaliwa, cha Tanga. Na huo uchenjuaji wa umeme ni maajabu. Mwaka 1886 Mmarekani Charles Martin Hall na Mfaransa Paul Héroult, kila mtu kwake, waligundua jambo moja: ule unga mweupe wa oksidi, ambao peke yake hauyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,000, huyeyuka na kupotea ndani ya madini ya krayolaiti yaliyoyeyushwa kwenye nyuzi kama 960. Pitisha umeme, alumini inatuama chini, oksijeni inaila kaboni ya elektrodi na kutoka kama hewa ya ukaa. Wote wawili walizaliwa 1863, wote wakafa 1914. Hilo forodha hawaliulizi. Tani moja hunywa zaidi ya kilowati-saa 13,000, ndiyo maana madini husafiri kuufuata umeme wa bei nafuu. Iceland haina madini hayo ya boksiti, lakini ina viwanda vya kuchenjua alumini.

Sasa, muuzaji wangu alinunua kwa mchuuzi, mchuuzi kwa mwenzake, na alumini yote ikachanganywa kwenye tanuri moja. Nani aniambie tone lipi limetoka wapi? Kampuni kubwa yenye mitambo yake huchapa cheti bila kutoka jasho. Muuzaji mwenye hila huandika nchi yoyote inayompendeza, na karatasi yake hupita mpaka siku atakapokaguliwa. Aliyesema kweli kwamba hajui ndiye anayelipishwa mara nne, papo hapo. Hilo halinichekeshi hata kidogo.

Mengine ya wiki hii ni madogo. Leseni ya kuingiza alumini, ambayo hutolewa bure, iliisha siku zake 75 meli ingali njiani. Ghala limeanza kutuletea bili. Shangazi naye kaandika kwenye kundi la familia: "Mwanangu, huko Urusi baridi vipi?"

Wewe unayetaka kuleta mikuo Marekani, dai cheti cha kiwanda kinachotaja nchi zote tatu kabla hujatuma hata senti. Muuzaji akisema hajui, mwachie mikuo yake.