Sifa za Nyaya za Fimbo ya Usukani

Katika ndege ya kujiundia nyumbani hakuna kinachostahili taadhima kuliko fungu la nyaya linaloshuka ndani ya fimbo ya usukani. Injini husifiwa kwa nguvu, mabawa kwa umbo, rangi kwa mng'ao. Nyaya hizi hukaa gizani, ndani ya bomba la chuma, na hazijawahi kulalamika kwa sauti. Zikilalamika, hutumia vyombo vingine.

Sheria ya Marekani, ambako ujenzi huu umeshamiri, humruhusu mtu binafsi kujiundia ndege mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye kwa ajili ya elimu au burudani. Kupiga riveti za ndege kama RV-7, inayouzwa kwa vipande na kampuni aliyoianzisha Richard VanGrunsven huko Oregon, huleta yote mawili. Nyaya za fimbo huleta elimu peke yake, tena kwa wingi.

Elimu hiyo huanza na hesabu. Kitufe cha kuongelea redio huhitaji waya mmoja, swichi ya trimu, inayompunguzia rubani uzito wa usukani, huhitaji nne, flapu mbili, kitufe cha kukatia otopailoti mmoja, na waya wa ethi unaotumiwa na wote ni mmoja. Jumla 9. RV-7 ina viti viwili vilivyo sambamba, kila kimoja na fimbo yake, kwa hiyo mjenzi mpenda usawa hujikuta na nyaya 18.

Kisha jiometri. Fimbo huenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, ilhali sakafu haiendi popote. Waya ukitoka kwenye bomba karibu na pale fimbo inapogeukia, husogea kidogo tu. Ukitolewa juu zaidi, huburutwa kila rubani anapopinda. Tundu lenyewe husuguliwa kingo na kuvishwa mpira, kwa sababu chuma chenye makali hakijui huruma. Hapo chini huachwa kitanzi. Kitanzi kifupi hukatika. Kirefu hutafuta mahali pa kujishika, na kilicho karibu ni fito zinazopeleka amri kwenye mkia na mabawa. Kikinaswa huko, fimbo inaweza kugoma kurudi, na waya mwembamba kuliko njiti ya kiberiti unakuwa na mamlaka kuliko rubani. Ndiyo maana mjenzi mwenye akili huisukuma fimbo hadi pembe zote nne, tochi mkononi na kichwa chini ya kiti, kabla ya kufunga sakafu.

Fadhila yao kuu, hata hivyo, ni ukarimu. Katika mfumo wa kawaida kitufe hufanya kazi kwa kuuunganisha waya na ethi, na bomba la chuma nalo ni ethi. Basi ganda likikwanguka na shaba ikagusa bomba, kitufe kimebonyezwa bila kidole. Ikiwa ni waya wa redio, kila aliye kwenye masafa yale husikia maoni ya rubani kuhusu mkwewe, na wengine hawapati nafasi ya kusema. Ikiwa ni wa trimu, mota huendelea kuzunguka hadi mwisho wake, na rubani hupata mazoezi ya misuli ambayo hakuyalipia. Wasiopenda zawadi hizo huweka swichi ya kukata umeme wa trimu mahali mkono unapofika haraka.

Nyaya zenyewe zinahitaji heshima ya kitaalamu. Waya wa geji 22 wenye ganda la Tefzel una nyuzi 19 za shaba, ndiyo sababu huvumilia kupindwa. Lehemu ikipanda ndani ya nyuzi hizo huzigeuza kuwa msumari, na waya huvunjika pale ugumu unapoishia. Kwa hiyo kiungo hakiwekwi kwenye sehemu inayopinda. Fimbo ya abiria hupewa plagi ya pini 9 ili ing'olewe anapokaa mtu mwenye magoti marefu au vidole vidadisi.

Kila baada ya miezi 12 ndege hukaguliwa, vibao vya sakafu hufunguliwa, na ganda hutazamwa kama limeanza kung'aa kwa kusuguliwa. Lililong'aa hubadilishwa siku hiyohiyo, pamoja na waya wake.