Sabufa Kubwa, Waya wa Kuokota

Sabufa umeshalipia. Bodaboda ameifikisha Nkuhungu, majirani wameiona ikishushwa, na mfukoni imebaki nauli. Sasa ndiyo unakumbuka waya. Usihangaike: mwongozo huu utakusaidia kuharibu kifaa cha laki kadhaa kwa waya wa bei ya soda.

Nenda Majengo, ulizia waya wa spika mwembamba kuliko yote. Muuzaji akisema ni shaba tupu, mwamini. Rangi si unaiona? Usithubutu kukwangua uzi mmoja kwa wembe, maana ndani ukikuta weupe utajua ni alumini iliyopakwa shaba, na raha yote itaisha. (Zipo nyuzi nyeupe nje, nyekundu ndani. Hizo ni shaba iliyopakwa bati, hazina ubaya. Muuzaji wala hazisifii.)

Wapenda hesabu watakusumbua. Watadai kwamba waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, unene ule ule wa waya wa taa, ukivutwa mita 10 una ukinzani wa omu 0.23 hivi, kwenda na kurudi, na spika ya omu 8 wala haishtuki. Wa 0.2 unafika omu 1.7, kwa hiyo sehemu ya muziki uliolipia inaishia njiani ikigeuka joto. Waache waongee. Ila wale wa kundi jingine, wanaouza waya kwa bei ya mbuzi wa mnada wa Msalato eti "unasafisha sauti", hao usiwasikilize kweli.

Kuunganisha ni rahisi. Menya waya kwa meno, sentimita tano nzima, ingawa kibanio kinahitaji moja tu. Usizisokote nyuzi, acha chache zichungulie mpaka ziguse za upande wa pili. Kuchomoa plagi kwanza ni mambo ya waoga. Washa, fungulia sauti mpaka mwisho. Ikipiga shoti, na amplifaya haina kinga, utasikia harufu kabla ya wimbo.

Nyekundu na nyeusi? Mapambo hayo. Kwenye spika moja zigeuze. Hakitaungua kitu, ila koni moja itasukuma huku nyingine ikivuta, na besi itayeyuka sebuleni. Weka rekodi ya Mgogo wetu Hukwe Zawose: sauti iliyopaswa kutulia katikati ya spika mbili itazagaa, usijue mwimbaji kakaa wapi. Mzee alifariki mwaka 2003, hatakuja kulalamika.

Waya upitishe mlangoni chini ya mkeka, wageni waukanyage.

Na kama kwa ukaidi wako umenunua shaba halisi, ukasokota nyuzi, ukafuata rangi, basi hongera, sabufa itaunguruma vilivyo. Ila ikifika saa nne usiku, ndugu yangu, punguza. Ukuta wa pili kuna mtu anayeamka alfajiri kuwahi gari la Mtumba.