Jinsi ya Kumeza Kidonge Kimoja Lubumbashi

Anza kwa kuiacha familia itoe hukumu yake, maana itaitoa hata usipoiomba. Shangazi atasema ni mapepo. Yaya atasema ni utovu wa adabu, kwamba unapepesa macho na kukohoakohoa makusudi watu wakiwa kwenye matanga. Pasta wa kanisa la uamsho kule Katuba atataka ufunge siku tatu. Waitikie kwa heshima, na ukialikwa kuombewa nenda, kwa kuwa sala haigombani na dawa. Lakini asikuachishe mtu dawa kwa jina la sala, na asikufunge mtu kamba.

Hatua ya pili ni kumwona munganga. Kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha watawa wa Frères de la Charité, kiko hapa hapa mjini. Jirani akikuona langoni, msalimie kwa sauti. Kama inawezekana nenda na mama aliyekulea, pamoja na daftari za shule ambamo walimu waliandika kwamba una akili ila hutulii. Munganga atazihitaji: upungufu wa umakini, ule ambao waganga wetu huuita TDAH, huonyesha dalili kabla ya umri wa miaka 12, na tiki za ugonjwa wa Tourette, kama kule kupepesa macho na kukohoakohoa, huanza kabla ya 18. Atakupima presha na mapigo ya moyo, na atauliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kwa moyo. Usimfiche kitu, hata pombe.

Sasa jiandae kwa onyo utakalolisikia kila mahali: mwenye Tourette asiguse dawa za kuchangamsha ubongo, zitamzidishia tiki. Onyo hili limechapwa hata kwenye karatasi za dawa, na limewanyima watu wengi matibabu. Georges Gilles de la Tourette alieleza ugonjwa huu Paris mwaka 1885. Methilifenidati, dawa ya kuchangamsha inayotibu upungufu wa umakini na inayojulikana zaidi kama Ritalin, ilitengenezwa mwaka 1944 na Leandro Panizzon huko Uswisi. Vitu hivi viwili vilipokutana katika mwili mmoja, waganga wakaogopa. Mwaka 2002 ukatoka utafiti wa watoto 136 wa Marekani wenye tiki na upungufu wa umakini kwa pamoja. Waliopewa methilifenidati hawakuzidiwa tiki kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na waliofaidika zaidi ni wale walioichanganya na klonidini, dawa ya zamani ya presha. Wapo wanaozidiwa kweli, na hao hupunguziwa dozi au hubadilishiwa dawa. Lakini hiyo si sababu ya kumfungia mlango kila mtu.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiruke: kabla ya kidonge cha kwanza, andika tiki zako kwenye daftari kwa wiki mbili. Tiki hupanda na kushuka zenyewe. Ukianza dawa katika wiki mbaya utailaumu dawa, na ukianza katika wiki nzuri utaisifu bure. Daftari ndilo litakalosema kweli mbele ya munganga. Na ukipewa klonidini, usiiache ghafla: presha inaweza kuruka.

Siku ya dawa, kula kwanza. Kidonge hukata hamu ya chakula, na bukari ya mchana utaiangalia kama mgeni. Kile cha muda mfupi hufanya kazi kwa saa nne hivi, kwa hiyo usikimeze jioni, utakesha. Usitegemee kengele ya simu, siku umeme ukikatika itazima nayo. Funga kidonge na jambo usilolisahau, kama kuoga asubuhi. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha UNILU atakuja kukuomba kimoja kwa ajili ya mtihani. Mnyime, hata akiwa mtoto wa dada yako. Dawa hii imo katika Jedwali la Pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na haimfai mtu ambaye moyo wake haukupimwa. Kwa sababu hiyo hiyo usiinunue sokoni kwa mtu anayeitoa mfukoni.

Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia, beba karatasi ya munganga pamoja na kopo lenye jina lako. Zambia wako wakali: kuna wasafiri waliokamatwa kwa dawa ya mzio tu.

Kwenye teksi, tiki ikija, iache ipite. Kuizuia kunachosha. Abiria akikugeukia, mwambie, "Ni ugonjwa, papa, hauambukizi." Wengi watanyamaza, na wengine watakusimulia habari za mpwa wao.

Mwaka 2019 wataalamu wa OMS, Shirika la Afya Duniani, walikataa kuiingiza methilifenidati katika orodha ya dawa muhimu, ambayo nchi nyingi huifuata zinapopanga orodha zao. Wizara yetu haina haja ya kusubiri Geneva. Nanyi waganga wa Lubumbashi, mtu mzima akija kulalamika kwamba hamalizi kazi anayoianza na mabega yake hayatulii, muulizeni kwanza alikuwaje shuleni kabla ya kumwandikia dawa ya usingizi.